Nina kamera, sina bando: maktaba itanifundisha kupiga picha?

Ndugu washauri,

Salaam kutoka Mafinga. Mimi ni binti wa miaka 23, nimemaliza kidato cha nne, nafanya kazi kwenye steshenari: fotokopi, kuchapa, laminesheni na picha za pasipoti. Picha tulikuwa tunapiga kwa simu. Mwezi uliopita bosi alinunua kamera ya mtumba, Canon 1200D yenye lenzi ya 18-55, akanikabidhi na kuniambia nijifunze, maana wateja wameanza kuulizia picha za mahafali na kipaimara. Kitabu chake cha maelekezo hakikuja nayo. Hadi sasa napiga kwa kile kialama cha kijani tu. Mtu akisimama mbele ya ukuta mweupe, uso unatoka mweusi hauonekani. Asubuhi kukiwa na ukungu, picha yote inakuwa kijivu.

Kila ninayemuuliza ananiambia niangalie video. Bando la wiki likikutana na video haliishi hata siku mbili. Ila kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, naenda Iringa mjini kuchukua karatasi na wino, na huwa nabakiwa na kama saa tatu kabla ya gari la kurudi. Nikaona nijaribu maktaba mojawapo pale mjini. Kwenye rafu niliyoonyeshwa kulikuwa na vitabu vichache: kimoja cha miaka ya sabini kinaeleza mikanda na dawa za kusafishia picha, kingine kinene cha Photoshop ya zamani, na kimoja kimejaa picha tupu, maelezo hakuna. Vyote Kiingereza. Nilikaa nusu saa nikaondoka.

Naomba kujua: vitabu vya kamera za mkanda vina faida yoyote kwangu? Kiingereza changu ni cha kubabaisha, nitakivuka vipi? Kuna rafu nyingine za kuangalia? Na kuna mpiga picha hapa anafundisha wiki mbili kwa shilingi 150,000. Nilipe, au nisome kwanza?

Mwanafunzi wa kamera, Mafinga

JIBU

Mdogo wetu,

Kile kitabu cha miaka ya sabini ulichokirudisha rafuni ndicho utakachoanza nacho. Cha Photoshop kiache palepale. Cha picha tupu tutakirudia huko chini, nacho kina kazi yake.

Aliyeandika kitabu cha kamera za mkanda alikuwa anaongea na mtu mwenye picha 36 tu kwenye mkanda mzima, asiyeona alichopiga mpaka mkanda usafishwe, na kila picha iliyoharibika ameilipia. Kwa hiyo ilimlazimu aeleze mwanga tangu mwanzo: unatoka upande gani, ni mwingi kiasi gani, unapita kwenye tundu la ukubwa gani na kwa muda gani. Vitabu vingi vya kamera za dijitali vinatumia nusu ya kurasa zake kueleza vitufe na menyu za kamera ambayo wala si yako.

Humo tafuta sura zinazohusu mambo matatu: tundu la lenzi, kasi ya shata (pazia la ndani ya kamera linalofunguka na kufunga kupitisha mwanga), na wepesi wa mkanda kupokea mwanga, ambao kwenye kamera yako unaitwa ISO. Namba za tundu zinakwenda f/4, 5.6, 8, 11, 16, 22; namba ikipanda tundu linapungua. Kila ukisogea hatua moja, mwanga unapungua nusu. Shata nayo hivyohivyo: 1/60, 1/125, 1/250, 1/500. Ndiyo maana f/8 na 1/125 zinaingiza mwanga ule ule wa f/5.6 na 1/250. Ukijaribu kwenye kamera utaona namba ambazo kitabu hakina, kama 6.3 na 7.1. Usidhani umekosea. Gurudumu la 1200D, kama mpangilio wake haujaguswa, linatembea kwa theluthi, kwa hiyo mibofyo mitatu ndiyo hatua moja ya kitabuni.

Sura za dawa, chumba cha giza, mashine ya kukuzia picha na vichujio vya rangi kwa ajili ya picha nyeusi na nyeupe, ziruke zote. Vingine ni vya kugeuza tu. ASA ya kitabuni ni ISO yako, namba zilezile. Ukikuta DIN, 21 ni 100, 24 ni 200, 27 ni 400. Lenzi nazo zina hesabu yake: kitabu kinazungumzia mkanda wa milimita 35, na kihisi cha kamera yako, yaani kile kinachopokea picha badala ya mkanda, ni kidogo kuliko fremu ya mkanda huo, kwa hiyo kila namba ya lenzi gawanya kwa 1.6. Wakisema lenzi ya kawaida ni milimita 50, kwako ni kama 31. Wakisema 85 ndiyo nzuri kwa sura za watu, kwako ni kama 53, yaani ile 55 iliyo mwisho wa lenzi yako. Hiyo ndiyo ya picha za pasipoti. Ukipiga kwa 18 itakubidi umsogelee mtu sana, na ukaribu huo ndio unaokuza pua na kurudisha masikio nyuma.

Kuna sehemu mbili ambazo kitabu cha zamani kitakupotosha moja kwa moja.

Ya kwanza ni ushauri wa kupima mwanga kwa kufuata sehemu zenye kivuli. Kwa mkanda wa negativu ulikuwa ushauri sahihi, kwa kuwa mkanda ule unavumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Kihisi cha kamera yako ni kinyume chake. Shati jeupe likishaungua, yaani likizidiwa mwanga mpaka likawa weupe mtupu, hakuna programu itakayorudisha nyuzi zake, lakini kivuli kilichozidi giza unaweza kukiinua kidogo baadaye. Kwa hiyo wewe linda sehemu nyeupe kwanza. Ukiwa unatazama picha uliyopiga, bonyeza DISP. mara kadhaa mpaka litokee grafu dogo lenye vilima; kilima kikibanwa ukutani upande wa kulia, kuna sehemu imeungua, na kwenye picha ndogo sehemu hiyo itakuwa inapepesa.

Ya pili ni ngozi. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani vitakuambia upime mwanga usoni kisha uongeze hatua moja. Hesabu hiyo ilipigwa kwa uso wa Mzungu, ambao ni mweupe kuliko kijivu ambacho kipimo cha kamera kinakichukulia kuwa ndicho cha kati. Hata kadi ambazo maabara za Kodak zilitumia kusawazisha rangi, zile zilizoitwa Shirley, kwa miaka mingi zilikuwa na picha ya mwanamke Mzungu. Ukifuata hesabu hiyo kwa uso mweusi utauchosha, utoke umepauka. Kwa ngozi ya maji ya kunde pima usoni na uache hapohapo. Kwa ngozi nyeusi zaidi punguza theluthi moja hadi mbili, kisha tazama ule mng'ao wa paji la uso kama umeungua.

Hapo sasa utaelewa ni kwa nini ukuta mweupe unakuharibia picha. Kamera haijui kama kilicho mbele yake ni ukuta, ukungu au joho. Inachukua mwanga wote uliomo kwenye fremu na kujaribu kuufanya kijivu cha kati. Fremu ikijaa weupe, inapunguza mwanga: ukuta unakuwa kijivu na uso unazama. Ukungu wa Mufindi nao ni weupe uliotanda fremu nzima, ndiyo maana unatoka kijivu. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa makusudi: kwenye ukungu anza na +1, mbele ya ukuta mweupe +1 hadi +1 na theluthi mbili. Mahafali ukimpiga karibu mtu aliyevaa joho jeusi, kamera itakosea upande wa pili, kwa hiyo punguza theluthi mbili.

Kwenye alama ya kijani huwezi kufanya lolote kati ya hayo, kamera imefunga. Geuza gurudumu la juu uweke Av, ambapo wewe unachagua tundu na kamera inachagua shata. Halafu shikilia kitufe cha nyuma chenye maandishi Av na alama ya kujumlisha na kutoa, huku ukizungusha lile gurudumu dogo lililo karibu na kitufe cha kupigia. Ukimaliza rudisha sifuri. Wengi husahau hapa, wakaendelea kupiga picha zilizopauka hadi jioni.

Kuhusu kitabu cha maelekezo kilichopotea: Canon wameweka miongozo ya kamera zao mtandaoni bila malipo, kwa PDF. Ipakue mara moja tu, na hakikisha ni ya modeli yako hasa. Wewe unafanya kazi penye printa, kwa hiyo chapa kurasa za hali za kupigia P, Tv, Av na M, za kuongeza na kupunguza mwanga, za WB (kusawazisha rangi ya mwanga) na za flashi, basi. Ukizitoboa na kuzifunga pamoja, hicho ndicho kitabu chako cha kwanza, na ndicho utakachokaa nacho mkononi ukisoma vya maktaba.

Tuje kwenye rafu. Maktaba za umma hupanga vitabu kwa namba za Dewey, na picha ziko 770 hadi 779. Kwenye 771 utakuta ufundi na vifaa, 778 ni aina maalumu za upigaji, na 779 ni mikusanyo ya picha, yaani kile cha picha tupu. Usiishie hapo. Nenda 535, fizikia ya mwanga. Nenda 750, uchoraji wa rangi. Wachoraji walishughulika na dirisha na uso karne nyingi kabla ya kamera kuwapo, na kitabu cha michoro ya sura za watu kinafundisha mahali pa kumweka mtu kuliko vitabu vingi vya kamera. Vitabu vya uandishi wa habari, vinavyokuwa 070, huwa na sura ya picha za magazeti. Pitia pia rafu ya vitabu vilivyorudishwa na ya rejea, na uulize vitabu vikubwa vya picha viko wapi, maana mara nyingine hupangwa kando kwa sababu haviingii kwenye rafu za kawaida.

Kuna kitabu kimoja ambacho huhitaji hata kwenda Iringa kukipata: fizikia ya sekondari. Sura za lenzi na vifaa vya mwanga zina mchoro wa kamera, na ile kamera ya sanduku lenye tundu dogo uliichora mwenyewe shuleni. Azima kwa mwanafunzi wa jirani jioni moja. Kiingereza chake ni kile ulichokwisha kukizoea, na mchoro wa miale ikipita kwenye lenzi utakuonyesha kwa nini fokasi inapatikana umbali mmoja tu kwa wakati mmoja.

Iringa mjini mna vyuo vikuu kadhaa, kikiwamo cha Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa. Mtu wa nje haruhusiwi moja kwa moja kuingia maktaba ya chuo, ila kuomba hakukatazwi: nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, uombe kusomea ndani. Vyuo vikuu vingi havitumii Dewey bali herufi za Library of Congress, maktaba kuu ya Marekani, na picha kwao ziko kwenye TR. Ukimwambia mkutubi herufi hizo, atajua umekuja na shughuli.

Mahali utakapojiandikisha, uliza kabla ya kulipa: ada ya mwaka ni kiasi gani, anayekaa nje ya manispaa anatakiwa mdhamini wa aina gani, anaruhusiwa vitabu vingapi kwa siku ngapi, na kama unaweza kuongezewa muda kwa simu. Hilo la mwisho ndilo litakalokuokoa, kwa sababu wewe unakwenda kila baada ya wiki mbili na gari likikukwama faini inaanza kuhesabu. Uliza pia saa za kufunga siku ya Jumamosi. Begi huenda ukatakiwa kuliacha mapokezi, kwa hiyo kamera itoe uingie nayo mkononi kwa ruhusa. Na kitabu cha watu kifunge kwenye mfuko wa nailoni kabla hujapanda gari.

Ukiwa na vitabu vitano mbele yako na muda mfupi, hivi ndivyo vya kuangalia. Fungua ukurasa wa mwaka wa kuchapishwa. Mwaka wa zamani si kasoro, isipokuwa kwa vitabu vya programu za kompyuta. Angalia kama maelezo chini ya picha yanataja tundu, shata na lenzi. Kisha tafuta picha mbilimbili za kitu kilekile zilizopigwa kwa kubadilisha jambo moja tu: dirisha kushoto na dirisha nyuma, f/4 na f/16. Kitabu chenye picha pacha za namna hiyo kinasomeka hata kwa mwenye Kiingereza kidogo, kwa kuwa picha zenyewe ndizo zinazoeleza. Kitabu kinachosifia kamera ghali kurasa ishirini za mwanzo kirudishe.

Hapo ndipo linapoingia suala lako la lugha. Vitabu hivi vinarudia maneno yaleyale. Ukiandika kama arobaini kwenye daftari, umekwisha kuvuka. Aperture ni tundu, shutter ni shata, exposure ni mwanga wote ulioingia, focal length ni ile namba ya milimita kwenye lenzi, depth of field ni kina cha eneo lililo kwenye fokasi. Kamusi ya kawaida itakuangusha kwenye maneno machache: stop kwenye vitabu hivi ni ile hatua ya nusu au maradufu, na lenzi wanayoiita fast ni yenye tundu kubwa. Soma maelezo ya chini ya picha kwanza, kisha tazama picha, ndipo urudi kwenye aya. Ukianza na aya utasinzia.

Usiazime zaidi ya vitabu viwili kwa mara moja, na kwa wiki mbili jiwekee sura moja tu. Sura ikiisha bila kupiga picha hata moja, hujaisoma.

Kwa sura ya tundu la lenzi, panga chupa tatu za soda nje penye mwanga, mita 1.3, 1.5 na 1.7 kutoka kwenye kamera, zipishane ubavu kidogo zisifichane. Kamera iwe juu ya meza, lenzi kwenye 55, fokasi kwenye chupa ya kati. Piga f/5.6, f/11 na f/22. Kwa f/5.6 eneo lililo wazi ni kama sentimita 15 tu, kwa hiyo chupa ya mbele na ya nyuma zitafifia. Kwa f/22 linafika kama sentimita 60 na zote tatu zinaingia. Ukikuza picha ya f/22 utaona hata chupa ya kati imepoteza ukali kidogo. Tundu likiwa dogo sana miale hujipinda kwenye kingo zake, na ndiyo maana hatupigi kila kitu kwa f/22. Sasa fikiria kipaimara: safu mbili za watoto, mstari wa nyuma uko nusu mita nyuma ya wa mbele. Kutoka mita nne au tano, f/8 inatosha. Ukiwakaribia watoto ukiwa na f/5.6, wa nyuma watakuwa ukungu.

Kwa sura ya shata, simama kando ya barabara, mahali salama, upige bodaboda zinazopita kwa 1/30, 1/125 na 1/500, ukiwa kwenye Tv, ambapo wewe unachagua shata na kamera inachagua tundu. Tofautisha mtikisiko wa aina mbili: bodaboda ikififia na barabara ikiwa safi, shata ilikuwa ya polepole kwa mwendo wake, kila kitu kikififia, ni mikono yako. Kwa lenzi yako kwenye 55 usishuke chini ya 1/100 ukiwa umeshika kwa mkono, labda iwe na maandishi IS pembeni, ambayo yana maana lenzi inatuliza mtikisiko wa mkono. IS haimtulizi mtoto anayerukaruka.

Jaribio tunalolipenda kuliko yote linatoka kwenye karatasi zilizokuja na mikanda zamani. Jua kali, vivuli vimekatika vizuri: weka M, ambapo tundu na shata unaviweka mwenyewe, f/16, na shata iwe namba sawa na ISO. ISO 100, shata 1/100. Jua likiwa na utando mwembamba na vivuli laini, f/11. Mawingu meupe, kivuli hakionekani, f/8. Mawingu mazito au kwenye kivuli cha nyumba, f/5.6. Piga bila kuangalia kipimo cha kamera, halafu geuza Av upige tena picha ileile ulinganishe. Mafinga utayapata yote manne ndani ya siku moja. Ukifanya hivi kila mchana, utafika mahali ambapo kamera ikikupa namba ya ajabu utashtuka kabla hujapiga, na hapo ndipo video zote ulizoambiwa uangalie zinakufikisha kwa gharama kubwa zaidi.

Dukani, sura ya mwanga wa dirisha ndiyo italipa kwanza. Mteja akae mita moja au zaidi mbele ya ukuta, kivuli chake kisiangukie nyuma. Dirisha liwe mbele yake kwa ubavu. Upande wa pili wa uso shikilieni manila nyeupe, nayo mnaiuza wenyewe, iwe sentimita hamsini au sitini kutoka shavuni; bila hiyo nusu ya uso inakuwa giza. Zima taa ya balbu ya rangi ya njano, kwa sababu kamera haiwezi kusawazisha rangi mbili za mwanga kwa pamoja, na WB ikiwa ya jua, shavu la upande wa balbu litatoka la machungwa.

Turudi kwa kile kitabu cha picha tupu, na magazeti ya maktaba pia. Chagua picha moja, ukae nayo dakika kumi. Kivuli cha pua kimeangukia wapi? Hapo unajua mwanga umetoka upande gani. Tazama ndani ya jicho: nukta nyeupe ya mraba ni dirisha, ndogo kali ni flashi au jua. Kingo za kivuli zikiwa laini, chanzo cha mwanga kilikuwa kikubwa au karibu. Andika unachodhani kuhusu tundu na shata, kisha ukirudi dukani jaribu kuiga ukiwa na mtu yeyote atakayekubali kukaa.

Kwenye maktaba yenye kompyuta za intaneti, au kwa bando kidogo lisilo la video, pitia Wikimedia Commons, hazina ya picha za bure mtandaoni. Picha nyingi mle, chini ya ukurasa, zina jedwali la kamera, tundu, shata na ISO iliyotumika, kwa hiyo unaweza kuhakiki ulichokisia. Library of Congress nayo imeweka mtandaoni picha za mradi wa Farm Security Administration, idara ya serikali ya Marekani iliyoshughulikia wakulima, za miaka ya 1930 na 1940: wakulima, nyumba zao, madirisha yao. Waliokuwamo ni watu kama Dorothea Lange na Gordon Parks, na taa walizokuwa nazo mara nyingi ni jua lile ulilonalo wewe. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, wanaazimisha baadhi ya vitabu kwa saa moja moja, ukijisajili bure. Ukitaka kupiga picha kurasa za kitabu cha maktaba, muombe mkutubi. Kurasa chache za kujisomea ni jambo moja, kunakili kitabu kizima ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mwenye fotokopi anapaswa kuijua kuliko wengine.

Sasa ile 150,000. Usiilipe bado. Kwanza fanya chupa, bodaboda, f/16 na dirisha. Ni kama miezi miwili kwa safari zako. Ukilipa leo, wiki ya kwanza yote utafundishwa namba ambazo kitabu kinakupa bure, na utakapofika kwenye mambo magumu muda umekwisha. Vitabu ni dhaifu kwenye flashi ndani ya ukumbi, kupanga watu arobaini wasiofichana, na kujua mahali pa kusimama kanisani bila kumkera padri au mchungaji. Hayo ndiyo ya kumlipa mtu akuonyeshe.

Kabla ya kutoa hela, muulize mwalimu huyo mambo matatu. Je, utapiga kwa kamera yako mwenyewe, au utakuwa unamtazama yeye? Kati ya hizo wiki mbili, ni shughuli ngapi halisi mtakwenda naye? Na flashi ya ndani ya 1200D inafika umbali gani? Kipimo chake cha nguvu (guide number) ni kama 9 kwa ISO 100, kwa hiyo ukigawanya kwa f/4 unapata mita mbili na kidogo. Ukipanda ISO 400 umbali unakuwa maradufu, mita nne na nusu hivi. Akikujibu kwa namba, au akaweka watu umbali tofauti akakuonyesha, huyo anafaa. Akikuambia ununue kwanza flashi kubwa, na muuzaji ni yeye, hiyo 150,000 ibaki dukani kwenu.